Mikanda ya Kabati la Madamu

Élisabethville, Jumanne jioni. Joto limekaza, mawingu yamejaa na mvua haitaki kushuka. Mimi nami nimejaa.

Nina hasira.

Mwezi uliopita nilikuwa naendesha lori la samaki wakavu kutoka Kasenga. Karibu na Lukafu kamba ya katani iliyofunga mzigo ikakatika. Marobota yakaporomoka pamoja na Kaputo, mpakizi wangu, aliyekuwa ameketi juu yake kama wapakizi wote wanavyoketi. Mguu ukavunjika. Mara ngapi nilimwambia Patron, tajiri wa malori, kwamba kamba ile imeoza? Jibu lake lilikuwa moja: "Funga fundo ingine."

Leo asubuhi ameniita mwenyewe. Kabati la mke wake, la vioo, limefika stesheni kutoka Ulaya. Niende dukani, nichukue mikanda ya kufungia mzigo, yenye nguvu kuliko yote. Nisiangalie bei.

Nisiangalie bei!

Dukani nilihudumiwa dirishani, kama sisi weusi tunavyohudumiwa, ingawa mlango ulikuwa wazi. Muuzaji alinitupia mikanda myembamba. Niliukanyaga mmoja nikauvuta kwa mikono miwili; mshono ukafumuka. Nikamwambia mzigo ni kabati la Madamu. Hapo ndipo alipoingia nyuma ya duka akatoka na mingine: turubai nene, pana kama kiganja, bizimu za chuma. Niliivuta mpaka mabega yakauma. Haikulegea hata kidogo.

Kumbe ilikuwapo. Siku zote ilikuwa mle ndani.

Kabati limefika bila mkwaruzo. Nilipomaliza kulishusha, Patron akaniagiza niiweke mikanda stoo, nyumbani kwake. Kesho naenda tena Kasenga.

"Na samaki, Patron?"

"Samaki iko na kamba."

Sijui sauti ilitoka wapi. "Patron, mikanda inabakia ku kamio. Kama inashuka, na miye nashuka." Nikaweka ufunguo wa lori juu ya boneti.

Alinitukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Ilunga, dereva wa lori la pili, akasogea akaweka ufunguo wake kando ya wangu. Patron akatutazama, akaingia ndani, akabamiza mlango. Tulisimama juani muda mrefu, mpaka mpishi akatoka kutuambia: "Anasema muende na mikanda yenu."

Nilidhani hasira itaisha. Haikuisha. Mguu wa mtu haukutosha, kabati limetosha.

Nimepitia hospitali kumweleza Kaputo. Amecheka mpaka mke wake akamnyamazisha. Kisha akaniuliza, "Ndugu yangu, sasa nani atapanda juu ya muzigo?"

"Hakuna muntu. Bote batakaa mbele na miye."

"Patron atakatala."

Akatae tu.