Panga Zito

Jumanne jioni

Basi nimenunua. Panga la marehemu Baba Neema alilichukua shemeji siku ya kumaliza matanga. Ndiyo mila yetu. Lakini kichaka cha shamba la chini kimefika kiunoni, na nguruwe pori wanalala humo, wanafukua magimbi yangu mchana kweupe.

Nikashuka Moshi. Muhindi wa dukani akanitolea haya ya Kichina yaliyojaa siku hizi. "Mama, chukua hili jepesi, litakufaa." Nikalikunja kidogo, likabaki limepinda. Nikachukua jingine zito, nikaligonga kwa ukucha na kusikiliza, kama alivyokuwa akifanya mume wangu. Likalia vizuri. Nikalipa.

Sikufurahi. Siku hizi sifurahi wala silii.

Niliporudi nikaenda kufyeka. Mapigo machache tu, mkono ukafa ganzi. Nguruwe angenijia pale, nisingeweza hata kulinyanyua.

Mwanangu Neema akalishika, akaupima ule mpini mrefu, akanitazama.

"Mama, hili ni la mkono wa baba."

Nimeliegesha nyuma ya mlango, palepale alipokuwa akiweka la kwake.