Ukungu wa Karthala

Jumatatu, 4 Agosti
Maji hayajatoka tena. Nimenunua madumu mawili, nimefua sare ya Neema, nimeenda shule. Kidato cha Tatu: visiwa vya volkano. Nimewachorea kisiwa cha Ngazidja, anakofanya kazi mume wangu Daudi, baba Neema, kuchunguza mimea ya mlima Karthala. Pwani joto na minazi. Magharibi mvua kubwa na msitu. Mashariki pakavu zaidi. Juu ya msitu vichaka vifupi, baridi. Mvua tele lakini mto hakuna, mwamba unanyonya yote. Hawakuamini. "Sisi hapa Ngokolo hatuna mvua wala mto, Mwalimu." Darasa zima limecheka.

Jumanne, 5 Agosti
Msa amepiga simu, mwenzake Daudi wa kazi kule. Kiswahili chake kimechanganyika na Kingazidja, lakini nimeelewa. Daudi alipanda mlimani peke yake Jumapili, alikuwa ashuke jana. Hajashuka. Ukungu umefunga. "Dada, tunamtafuta." Nimesema asante. Nimerudi darasani, nimemaliza kipindi. Sijui nilifundisha nini.

Jumatano, 6 Agosti
Mama mkwe amefika na basi kutoka Ushirombo. Nimempa shikamoo, ameitikia huku anavua viatu, kama amekuja kutusalimia tu. Halafu amekaa.
"Si kisiwa? Visiwani ni joto. Baridi haitamuua."
Nilitaka kunyamaza. "Mama, kadiri unavyopanda, joto linapungua. Kule juu usiku ni baridi kali."
"Na maji?"
"Hakuna mto."
Hakulia. Ameomba kisu, ameanza kumenya viazi. Nimemchukia kwa kuuliza. Nimejichukia kwa kujua.

Alhamisi, 7 Agosti
Hakuna habari. Upepo, vumbi mpaka ndani ya kabati. Neema ameuliza kama baba ana sweta. Nimesema anayo. Majirani wamekuja kukaa, wanaongea chini chini kama msibani. Nimewachemshia chai. Sufuria imeniunguza mkono, nimeuangalia tu. Siombi. Silii. Nafagia.

Ijumaa, 8 Agosti
Amepatikana. Hai.
Aliteleza kwenye ukungu akavunjika mguu, pale msitu unapoisha. Akajikokota hadi chini ya miti. Msa anasema huko magome yamevikwa vimea laini vinavyonyonya ukungu kama sponji. Daudi alikuwa anavibandua na kuvikamulia mdomoni. Hayo ndiyo yalikuwa maji yake.
Mama mkwe ametoka nje kwa vigelegele, majirani wamedakia. Mimi nimekaa juu ya ndoo. Amerudi kunitikisa.
"Mama Neema, husikii? Mwanangu yuko hai!"
"Nasikia, Mama."
Nilisikia. Basi.

Jumapili, 10 Agosti
Daudi amepiga simu kutoka hospitali. Sauti imekauka. Hajauliza habari zangu. Ameeleza mimea. Kwamba huku chini wanakata msitu wapande migomba, msitu unazidi kusogea juu, na juu nako hauwezi kwenda, kuna baridi na mawe meusi. Kwamba kuna ndege wasioishi popote pengine duniani. "Nikipona lazima nirudi kumalizia."
Nimekata simu. Nimeibamiza mezani. Ni hasira. Angalau ni kitu.

Jumatano, 13 Agosti
Nimefundisha. Mwanafunzi ameuliza msitu ukiisha kule, ukungu utashika wapi. Nimesema hautashika, utapita. Nimemwambia akae.
Daudi amepiga. Sikupokea. Mama mkwe amepokea, amecheka naye kwa Kisumbwa chao, kisha amenitazama.

Jumamosi, 30 Agosti
Daudi amefika jana. Magongo mawili, plasta hadi gotini, mashavu yameingia ndani. Neema hakumsogelea mpaka alipoitwa. Mama mkwe ameondoka asubuhi na basi la Ushirombo, ameridhika.
Hatujazungumzia kurudi kwake Ngazidja. Atarudi. Najua.
Mchana amelala kwenye kochi, mdomo wazi. Nimekaa sakafuni karibu naye. Nimeweka mkono kifuani pake nione kama kinapanda. Kinapanda. Furaha sijaipata bado. Mkono sijautoa.