Palahala wa Kaka Hamisi

Jumanne, 9 Julai
Asubuhi nzima mbele ya studio yangu hapa Isevya, napiga picha za bodaboda. Mazoezi. Shata, kile kifuniko cha kamera kinachofunguka na kujifunga, ikiwa ya haraka, pikipiki inatoka kama imeegeshwa. Nikiipunguza mwendo na kuizungusha kamera sambamba na dereva, yeye anabaki na sura yake, maduka nyuma yanageuka michirizi. Nyingi zinaharibika. Kiuno kinauma.

Ni kwa ajili ya kaka Hamisi. Alikuwa askari wa wanyamapori mpaka gari lao lilipopinduka. Sasa hatembei. Jana alitazama picha zangu za swala, akazirudisha. "Zuhura, hawa wamesimama. Niletee palahala anakimbia."

Ijumaa, 12 Julai
Msitu wa Ugala. Nimekuja na Maganga, askari aliyefanya kazi na kaka. Vumbi, mbung'o. Jioni palahala wakatoka mtoni, swala wakubwa weusi, pembe zimepinda hadi mgongoni. Nikapiga kwanza kwa shata ya haraka, nisirudi mikono mitupu. Kisha ya polepole. Ukungu, ukungu. Halafu moja ikakubali: dume, jicho limetulia, miguu kama moshi, nyasi mistari ya dhahabu.

Nililia kwa furaha. Maganga akanicheka.

Jumamosi, 13 Julai
Nyumbani. Nimezifungua kwenye kompyuta. Katika zile za haraka yumo dume yuleyule. Mguu wa nyuma una waya wa mtego. Umezama hadi kwenye mfupa.

Katika ile nzuri hauonekani. Moshi tu.

Nimemtumia Maganga picha. Yeye na wenzake wanakwenda kumtafuta dume. Mimi sina hamu ya kula.

Jumapili, 14 Julai
Nilimpa kaka ile nzuri peke yake. Akaishika kwa mikono miwili, akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake. Kisha akaisogeza karibu na dirisha.

"Kichwa kimeshuka. Huyu anaumwa. Lete nyingine."

"Zimeharibika, kaka."

"Zuhura."

Nikaleta. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumatano, 17 Julai
Maganga kapiga simu. Wamemkuta karibu na maji. Fisi walishatangulia.

Kaka alikuwa pale pale, akasikia yote. Amegeukia ukutani. Chakula amekirudisha. Naichukia kamera.

Ijumaa, 19 Julai
Nimefunga studio mapema. Nikamsukuma kaka kwenye kiti chake hadi barazani, tukanywa chai ya tangawizi. Upepo ulikuwa mzuri. Kisha akauliza, wale wengine walikuwa wazima?

Nikamwambia niliwaona wakipanda ukingo wa mto, majike mbele, ndama mmoja katikati akirukaruka bila sababu. Ni kweli, niliwaona.

Akafumba macho.

"Nieleze tena."

Nikamweleza tena.