Dakika Hamsini Angani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, chumba namba 2. Jumatatu, tarehe 16, saa tisa alasiri.
Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto. Nyumbani huitwa Bubu. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi, kidato cha tatu. Makazi: kwa bibi yake, nyuma ya soko la mbao. Ameongozana na mama yake mzazi.

Nimeomba niandike mwenyewe. Kusema kunanishinda, na aliyenibandika jina la Bubu ni mjomba.

Mjomba ni kaka yake mama. Anaishi mji mwingine na huja kwa ndege. Kwetu hakuna mwingine aliyewahi kupanda ndege, naye analijua hilo. Miaka yote ametuambia safari ni masaa matano, eti ndege hupoteza muda mwingi kupanda juu na kushuka. Watu wazima wakalimeza bila maji. Ndiyo maana hakulaumiwa kwa kutokuja kumwona Bibi, mama yake mzazi. Masikini, anatoka mbali.

Mimi nilijua tangu kidato cha kwanza. Nilipima kwa rula kwenye atlasi nikapata kilomita 290. Kompyuta ya shule ikasema dakika hamsini. Nikanyamaza.

Mnamo Jumamosi tarehe 14, dada wa kazi anayemtunza Bibi alikuwa na ruhusa kuanzia saa tatu asubuhi. Mjomba ndiye angempokea zamu. Mama alikuwa kazini, mimi shuleni. Nilirudi saa saba na nusu mchana, nikakuta mlango wazi na Bibi yuko sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Aliniuliza kama mjomba amesharudi. Tangu hapo hajasema neno.

Mjomba aliingia saa nane na begi lake, akalia kuliko wote. Alisema ametua sasa hivi. Nywele zilikuwa zimechongwa upya, ndevu zimepakwa rangi nyeusi na bado zinanuka dawa. Sijui ni ndege gani ina kinyozi ndani.

Jumapili kulikuwa na kikao sebuleni. Dada alisema alimkabidhi mjomba ufunguo getini, saa tatu. Mjomba akacheka.

"Saa tatu mimi niko mawinguni, we dada. Nilikushushia mkono nikaupokea?" Kisha akanigeukia. "Msomi wetu wa lugha mbili, hebu waambie. Ni mbali au si mbali?"

Nikasema, "Mbali."

Dada yuko mahabusu kwenu tangu jana kwa neno hilo, akituhumiwa kumtelekeza Bibi. Walipomchukua hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Nimeleta kipande cha tiketi. Kila akija mjomba hunipa vipande hivyo niweke alama vitabuni, kama mtu anayemrushia kuku punje. Hiki alinipa Jumamosi hiyo hiyo jioni, Bibi akiwa hospitali. Kinaonyesha ndege iliondoka saa moja na dakika kumi asubuhi. Kutoka uwanjani hadi getini kwetu ni nusu saa. Jumlisheni wenyewe.

Mama ameninong'oneza nikumbuke kuwa yule ni damu yake. Na Bibi je?

Nimeandika yote ninayoyajua, pamoja na uongo wangu mmoja, bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)
Sahihi ya mzazi: (ametia baada ya kuyasoma mara mbili)

Maelezo ya ofisa: Nimeyapokea saa tisa na dakika arobaini, pamoja na kipande kimoja cha tiketi. Shahidi ameomba iongezwe kuwa mjomba wake anaondoka na ndege ya saa kumi na moja jioni ya leo, na kwamba safari yenyewe ni dakika hamsini tu.