Lusiola Tisini na Suti ya Phanuel

Jumatatu, 5 Machi 1979

Leo nimepewa mji! Si mji mzima. Barabara moja, kutoka posta hadi stendi ya basi. Bwana Andati, mkubwa wetu wa kazi za mji, ameniita na kuniambia nichague miti ya kupanda kandokando. Mji upendeze. Sukari imeleta pesa, maduka yamepakwa rangi, lakini barabara yenyewe bado kipara. Mwisho wa mwezi anakuja mama mmoja mkubwa kutoka Nairobi kuifungua, na siku hiyo miti tisini iwe imesimama. Ikisimama, barua yangu ya kazi ya kudumu itatiwa sahihi. Miaka mitatu mimi ni kibarua wa kuandika majina ya vibarua! Nilisema ndiyo kabla hajamaliza.

Elkanah wa idara ya maji alikuwa mlangoni, masikio nje. Ati nipande mikaratusi tu, inamea haraka. Nani alimuuliza? Huyo anaitaka kazi hii kuliko anavyotaka mke.

Phanuel amefurahi kunishinda. Mume wangu akifurahi huvaa ile suti ya kijivu aliyonunua miwa yetu ilipolipwa, anatembea nayo sebuleni miguu mitupu. Husema hata akifa azikwe nayo. Nikamwambia aipumzishe, isije ikamtangulia yeye.

Jumatano, 7 Machi

Nimeshinda nikiuliza watu wa maduka wanataka mti gani. Kosa! Fundi wa redio anataka mparachichi. Mwenye hoteli anataka mwembe. Nikamuuliza, na mawe ya watoto yakitafuta embe, kioo chako kitapona? Akaenda kuangalia chai. Husseini wa duka la vitambaa, mtu wa Mumias, alinisalimu vizuri kwa asalaam aleikum, akaniuliza habari za nyumbani mpaka za ng'ombe, kisha akasema: mti wowote, mama, mradi usizibe jina la duka. Jina lenyewe limeandikwa kutoka ukuta hadi ukuta!

Mzee mmoja kwenye foleni ya posta amependekeza murembe. Murembe! Mti wa kuapia! Nani atapita chini yake na huku amemdanganya mkewe asubuhi? Mji mzima ungeanza kupita njia ya nyuma.

Mikaratusi ya Elkanah nimeikataa. Inakunywa maji yote, na ikizeeka inaangukia paa. Jakaranda ilikuwa ndani ya moyo wangu, siwezi kuficha. Lakini mizizi yake itapasua mifereji, na maua yakilowa ni utelezi. Pita hapo na ndoo kichwani uone.

Jumamosi, 10 Machi

Isecheno, kwa Kipruto, bwana misitu. Mtu wa maneno machache. Amenitembeza kwenye miche saa mbili nzima, kila nikiuliza kitu anaonyesha kwa kidole. Mwishoni akasimama, akauliza kwetu kuna mti gani nyuma ya jiko. Nikasema lusiola. Akaniangalia tu.

Lusiola! Wima, mwembamba, maua ya manjano, mizizi haina fujo. Nimekua nikiukatia nguzo na kuanikia nguo, sijawahi kuutazama hata siku moja. Miche tisini anayo, imefika kiunoni. Nimerudi nikiimba.

Jumanne, 13 Machi

Nimesimama kando ya barabara na mwanzi niliouchora alama za rangi. Napima matrela ya miwa. Yale yamejazwa mpaka mabua yananing'inia pande zote, yangefagia miche yangu siku ya kwanza. Madereva walidhani mimi ni askari wa aina mpya, wakapunguza mwendo! Mmoja akashuka kabisa, akanipa miwa miwili nimwache aende. Nimepokea. Nimetafuna.

Jibu: miti ikae hatua mbili kutoka ukingo wa lami. Bwana Andati amekubali yote. Elkanah akasema lusiola ni mti wa shambani, ni aibu mjini. Nikamwambia hata wewe umetoka shambani na tumekuzoea.

Jumatatu, 19 Machi

Miche imefika. Mvua imefika. Wanaume hawapo!

Wote wamekwenda kukata miwa. Nimefika Shianda, nimefika Lubao, hakuna. Shianda nilikuta wawili sokoni, mmoja mgonjwa, mwingine amelala, na huyo aliyelala nilipomwamsha akasema kesho anakwenda kukata miwa. Basi nikasema si kitu, nina wafagiaji wangu, wanawake saba, kazi wanaijua. Sita walikuja leo. Kufikia saa nane wamechimba mashimo tisini, wamebeba mbolea, wamepanga miche. Nikasema haya, tupande.

Mikono yote nyuma. "Madam, mwanamke hapandangi mti."

Kwani mimi nilizaliwa wapi? Najua! Mwanamke akipanda mti, mumewe anakufa. Au yeye mwenyewe anakuwa tasa, inategemea ni shangazi gani anayesimulia. Kuchimba sawa, kumwagilia sawa, kubeba sawa. Kuusimamisha mti shimoni na kuushindilia udongo ni kazi ya mwanamume. Wiki mbili nimewaza mizizi, mifereji, matrela, jina la duka la Husseini. Sikuwaza hata kidogo ni mikono ya nani itauweka mti ardhini. Mjinga mimi!

Mmoja wao akasema, "Basi anza wewe, madam." Nikashikwa na kikohozi.

Jumanne, 20 Machi

Dorothy! Ndiye wa saba, jana alikuwa zamu ya soko. Leo kaja, kaambiwa, kacheka mpaka akakaa chini kwenye matope. "Wangu alishakufa mwaka wa nne huu. Mti utamuua mara ya pili? Na tasa niwe, nina watoto saba, itakuwa mapumziko." Akapandisha leso, akaingia kazini. Anasimamisha, anashindilia, anasonga. Wale sita wanamfuata na maji, wanaimba, lakini hakuna aliyegusa shina kabla yake.

Tulipokaa kula nikamuuliza kama haogopi hata kidogo. Akasema alipokuwa na mume aliogopa sana, hakuwahi kupanda hata mpera, na homa ya matumbo ikamchukua vilevile. Kisha akaomba chumvi. Nikampa.

Kesho tunamaliza themanini na tisa. Wa tisini, mbele ya posta, ni wa mgeni.

Alhamisi, 22 Machi

Nimemsimulia Phanuel. Amecheka! Ati hayo ni mambo ya wazee, yeye amefika kidato cha nne. Nikaona nimjaribu kidogo. Nikasema vizuri, kwa sababu leo nimepanda mmoja kwa mkono wangu. Uongo mtupu. Akaendelea kula. Lakini polepole.

Ijumaa, 23 Machi

Phanuel hakuamka. Kichwa. Halafu mgongo. Halafu kidole cha mguu! Akaniuliza karatasi za shamba ziko wapi. Akasema mtoto wetu Were asitolewe shuleni, lolote litokee.

Saa nne nikamwambia ukweli, sikupanda kitu. Saa nne na dakika tano alikuwa jikoni akiuliza kama ingokho, yule kuku wa jana, imebaki. Amekula obusuma, ugali wetu, mara mbili, akalamba na vidole.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Halafu kicheko kikaisha. Huyu mtu anaogopa kweli. Anaogopa kufa kwa mkono wangu, na mkono wenyewe ndio huu unaompikia.

Jumatano, 28 Machi

Ratiba ya sherehe imechapwa. Naandika ilivyo: "Kupanda mti wa tisini: Mgeni wa heshima pamoja na Bi Zilpah Muhonja, aliyechagua miti." Mbele ya watu wote! Mama wa Nairobi mwenyewe amepiga simu, anamtaka huyo mwanamke wa miti, washike shina pamoja.

Nikakimbia kwa Bwana Andati. Nikasema Dorothy anaweza. Akasema mgeni ametaja aliyechagua. Nikiona vigumu ataandika jina la Elkanah, aliyesaidia kidogo mambo ya maji, lakini hapo na ile barua itabidi... Hakumaliza. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Zilpah, hata mke wangu hapandi." Amenipa mpaka Ijumaa.

Elkanah nimemkuta amekaa kwenye kiti changu. Ati anakijaribu!

Ijumaa, 30 Machi

Asubuhi niliweka ratiba kando ya chai ya Phanuel. Akasoma. Akaikunja mara nne. Akatoka kulisha ng'ombe ambao nilishawalisha.

Nikamfuata. Nikamwambia, Baba Were, ukisema nisipande, sipandi. Akaendelea kuwatupia majani. Nikapandisha hasira. Sema basi! Una mdomo! Akasema, "Mimi nimesema nini?" Na kweli hajasema kitu. Hilo ndilo linaloniua. Angekataza ningegomba naye, angeruhusu ningemshukuru. Sasa nigombane na ng'ombe?

Saa sita nikaingia kwa Bwana Andati. Nikasema jina langu libaki. Mdomo ulisema kabla yangu. 

Jumamosi, 31 Machi

Saa nne na nusu. Naandika hapahapa, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shimo la tisini liko mbele yangu. Mgeni amechelewa. Gari lake limekwama nyuma ya matrela ya miwa! Hayo hayo! Watoto wa shule wameimba wimbo wao mara tatu, sasa wanarudia. Elkanah amefunga tai, yuko karibu sana, anauliza kama najisikia vizuri. Dorothy amekumbatia mche, ananinong'oneza: nitashika mimi chini, wewe gusa jani tu, mgeni hatajua. Lakini mimi nitajua. Na Phanuel atajua.

Phanuel aliondoka nyumbani kabla sijaamka. Hakuaga. Nimekunywa chai peke yangu, nikamwagia nusu kwenye gauni.

Ngoja. Yule ng'ambo ni yeye. Anavuka barabara.

Amevaa suti! Ile ya kijivu! Na viatu, na jua lote hili!

Amefika. Amesalimia watu wote mmoja mmoja, hata Elkanah. Akainama, akaangalia shimo, akauliza, "Mama Were, hili lina kina cha kutosha?" Nikamuuliza suti ni ya nini. Hakunitazama. Amesema ikiwa ni leo, hataki kuwapa watu kazi ya kumvalisha.

Nikamwambia rudi nyumbani, naacha. Macho yananiuma. Akasema, "Uache nini? Umesimama barabarani na mwanzi siku nzima, watu wakikucheka." Sasa amepiga magoti na suti yenyewe, anatoa mawe yaliyoangukia ndani.  Tope limefika kwenye mikono ya koti na hata hajaona.

Honi. Watu wanasimama. Gari jeusi linageuka pale kwa Husseini.

Dorothy ananisukumia mche, shika, shika! Namwambia nitashika, ngoja nimalize mstari. Phanuel ameinuka, amefunga vifungo vyote vya koti, amesimama kando yangu karibu kabisa. Ameshafumba macho