Dagaa Wanaungua

Ujiji, Jumatatu

Wifi yangu mpendwa Fatu,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Ilagala, pamoja na pilikapilika za ndoa yako. Mimi mwili haujambo, moyo ndio haujatulia. Simu nimeiogopa, maana siku hizi anaipokea Hamdani, mchumba wako. Barua hii nimempa jirani yangu Rozalia akukabidhi mkononi.

Redio ya hapa mjini imerudisha Bongo Fleva za enzi zetu. Wifi, nimecheza na ufagio mpaka watoto wakanicheka! Halafu juzi ukapigwa ule wimbo wetu. Unakumbuka kaka Musa alivyourekodi, redio kaseti ikiwa mbele ya redio ya mama, na mama akapiga kelele kuwa dagaa wanaungua? Sauti yake ikaingia kwenye kaseti, nasi watatu tukawa tunaiimba pale pale kila mara, kama kiitikio. Juzi pale palipita patupu, nikaona wimbo umekatwa.

Lakini kabla ya wimbo zilisomwa salamu. Mtumaji hakujitaja. Alisema yuko Katonga, anamsalimu Nasma wa Ujiji na Fatu popote alipo, na ujumbe wake ni kwamba dagaa wanaungua. Mama ametangulia, na kaseti ile tuliijua sisi tu.

Nilijiambia ni mzaha. Mtumbwi wa kaka Musa ulikutwa mtupu ziwani, hitima tukasoma, eda ukakaa ukamaliza. Hata hivyo nilikwenda Katonga, nikawa nauliza kwenye vichanja vya dagaa, na kila mgongo wa mwanamume ulinishtua.

Kaa chini kwanza, wifi. Nilimkuta. Musa yu hai. Miaka yote alikuwa kifungoni ng'ambo, Kongo. Amekonda, ila ni yeye. Alisikia habari za ndoa yako, akaona haya kubisha hodi, ndiyo maana akatuma salamu bila jina. Amenikataza nisikwambie, eti asikuharibie. Naogopa kusema, naogopa zaidi kunyamaza, kwa kuwa Ijumaa utafunga ndoa ilhali mumeo yu hai. Sheria ataijua shehe, muulize. Ila usiende kichwa kichwa kwenye ndoa hiyo.

Baba watoto anakusalimu, watoto pia wanakusalimu sana. Na huyu aliyeko chumba cha uani anauimba ule wimbo tangu asubuhi. Akifika pale ananyamaza, anangoja mtu aitikie. Mimi nimeshindwa.

Ni mimi wifi yako,
Nasma