Papa, wimbo wako haukuwa wako

Papa,

Mama yuko mzima, na ndagala zimerudi ziwani, nyavu za wavuvi zinajaa. Lakini korali yako ya kanisani, Papa! Korali itanimaliza.

Ile disque yako, santuri ya reggae ya zamani, uliyorudi nayo kutoka ukimbizini Kigoma. Upande mmoja sauti zinabembeleza kama mtu anayeomba arudiwe na mke wake. Upande wa pili hakuna anayeimba, kinanda tu kinajitembelea. Nilikuwa mtoto, ukinishika kidole juu ya kinanda: “Hapana pale muguu inakanyaga, mama. Piga pale inainuka.” Halafu Jumapili, wakati wa matoleo, unaipiga ileile kwa kinanda kanisani, polepole, uso mtakatifu! Wakikuuliza ni wimbo gani, unajibu, “Ni ya kusifu Mungu.” Basi. Ukafa bila kusema zaidi.

Sasa korali wameitia maneno yao. Wanaiita Wimbo wa Papa Asukulu. Waliiimba hata siku tulipokuzika, mpiga ngoma anaitwanga kama gwaride la askari. Nililia, Papa, na nusu ya machozi ilikuwa hasira. Tangu hapo kila msiba, kutoka Baraka mpaka Lusenda, ni hiyo hiyo, inatwangwa vilevile.

Jumapili iliyopita nikashindwa. Nikamwomba mpiga kinanda anipishe, nikaipiga ulivyonifundisha. Bamama wakaacha viti, wakacheza. Hata mchungaji, yeye anayesema reggae ni ya wavuta bangi, mabega yakamponyoka.

Nikasema, leo wajue ukweli. Mchana nikawaita korali nyumbani, nikaunganisha gramafoni yako kwenye batri ya sola, nikaweka disque. Wakasikiliza mpaka mwisho. Ndipo Mama Riziki, prezida wa korali, akasimama, machozi yanamtoka:

“Ba Jamaika bameiba wimbo ya papa yako! Tutabashitaki wapi?”

Nikamwonyesha gamba la disque lilivyochakaa. Nikamwambia, “Mama, hii disque ni mukubwa kuliko mimi.”

Akafuta machozi. “Basi balimuibia angali kijana. Masikini.”

Na wote wakatikisa kichwa, wakakuhurumia upya.

Nifanye nini na watu hawa, Papa? Umenichosha. Na nyumba bila wewe imepoa, sijui niseme vipi.

Lala. Nakuahidi: disque haitauzwa wala kuchomwa, na kila atakayeniuliza nani aliitunga nitamjibu kweli, hata asiponiamini. Ila Mama Riziki, huyo utamwelezea mwenyewe, siku mtakayokutana.

Binti yako,
Sifa